Nilimwambia kwa Utani

Kama leo umepewa kikopo cha kutemea makohozi, nawe umekificha chini ya madaftari ili wenzako darasani wasikione, haya nimekuandikia wewe. Mimi changu nilikificha chini ya daftari la siasa, maana ndilo pekee ambalo hakuna mtu angeomba kuliazima. Soma taratibu. Ukitaka kukohoa, geukia kule.

Naitwa Hamisi. Niko kidato cha tatu kwa mara ya pili, na usinicheke: mara ya kwanza niliikohoa yote. Tunakaa Gerezani, nyumba ya vyumba sita, familia sita, choo kimoja. Baba ni fundi karakana ya reli. Mama anakaanga vitumbua barazani. Mimi, kabla ya haya yote, nilikuwa mchomokaji wa baiskeli.

Mchomokaji, kwa asiyejua, ni mvivu mwenye kipaji. Mbio nzima anajificha nyuma ya gurudumu la mwenzake. Mwenzake anakula upepo, anakula vumbi, anakula inzi. Zikibaki hatua mia mbili, mwenzake anahamia pembeni na yule mvivu anachomoka, anafika wa kwanza, anabebwa juu juu. Mwenzake anafika wa sita na hakuna anayemuuliza hata jina.

Aliyenilia upepo alikuwa Festo. Mtu mzima, fundi wa mashine katika shirika moja la umma, mwenye mke na mtoto wa miaka mitatu anayeitwa Neema, wanakaa chumba kimoja Ilala. Festo ni Mhehe. Mimi Mngoni. Babu zetu walichinjana, sisi tukarithishwa kumalizia kwa maneno, ndiyo utani wenyewe. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkeo, kukupora kofia, kuja kuchekesha watu kwenye msiba wa baba yako, na wewe huruhusiwi kununa. Kila nilipompita Festo kwenye mwisho wa mbio alinipigia kelele: "Kimbia, Mngoni! Kukimbia mmezoea!" Nami nilimjibu kwamba nakimbia harufu ya pombe yake ya ulanzi.

Timu ilikuwa ya lile shirika. Kwetu hakuna anayelipwa kwa kuendesha baiskeli, lakini mashirika huajiri wanamichezo, huwapa kazi na muda wa mazoezi. Bwana Michezo, ofisa aliyetusimamia, alikuwa ameniahidi mbele ya wote: nikishinda mbio za kipupwe, za kwenda Pugu na kurudi mpaka Mnazi Mmoja, jina langu litaandikwa, na nikimaliza kidato cha nne naingia kazini kama tarishi. Siku za kazi nipeleke barua kwa baiskeli, Jumapili nishinde mbio. Mtoto wa muuza vitumbua alipwe kwa miguu yake! Nilikuwa silali.

Kweli sikuwa nalala, ila si kwa furaha.

Ilianza na masika. Jangwani kulijaa maji, nusu ya mtaa wetu ilikuwa inakohoa, kwa hiyo kikohozi changu kilipita kama abiria mwenye tiketi, hakuna aliyekiuliza. Mvua zikakatika, watu wakapona, mimi nikabaki na changu. Nikaanza kuamka na shuka limelowa jasho. Mama aliliangalia, akaniangalia, akasema kwa upole, "Hamisi, baba, si umri huu." Nikamwacha aamini ni mkojo. Aibu ya mkojo niliona ni ndogo.

Kisha mwili ukaanza kuondoka bila kuaga. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Wiki mbili baadaye, jingine. Mapaja, yale mapaja niliyokuwa nayaangalia kwenye vioo vya maduka ya Kariakoo, yakawa miwa. Unajua Bwana Michezo alisema nini? "Safi kabisa! Sasa umepata mwili wa mbio." Nikamshukuru.

Siku moja tukiwa mazoezini barabara ya Pugu nilitema mate yakawa mekundu. Festo akageuka.

"Nini hiyo?"

"Tambuu."

"Tangu lini wewe unakula tambuu?"

"Tangu nianze kumchumbia dada yako."

Akacheka mpaka baiskeli ikayumba. Ndivyo nilivyokuwa. Kila mlango uliofunguka niliutupia kichekesho, ukajifunga.

Mama ndiye hakufungika. Aliona leso yangu, akaacha vitumbua kwenye kikaango, akanishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza mpaka zahanati. Kama umeshakaa kwenye lile benchi unalijua. Watu wanasogea makalio kwa makalio hadi ubao umeng'aa kama umepakwa mafuta. Foleni ya sukari tulishaizoea, ya vitenge pia. Hii ilikuwa foleni yangu ya kwanza ambayo hakuna aliyetaka kufika mbele. Makohozi asubuhi tatu, picha ya kifua mara moja, halafu kungoja. Siku ya majibu daktari hakuinua macho kwenye karatasi. Alisema "kifua kikuu" kama anayesoma orodha ya mboga, akanisukuma kwa Sista.

Sista alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinieleza: sindano na vidonge kila siku kwa miezi miwili, kisha vidonge peke yake mwaka mzima hata nikijiona mzima. Baiskeli niitundike. Halafu akachukua kalamu.

"Nani unalala nao chumba kimoja?"

"Wadogo zangu wawili."

"Na nani mwingine?"

"Basi. Ila Jumamosi..." Nikajing'ata ulimi.

"Jumamosi nini?"

"Jumamosi nasali, Sista."

"Hamisi mwenye kofia ya kiua anasali Jumamosi?" Alinitazama juu ya miwani. "Sikiliza, mwanangu. Hapa huchekeshi mtu. Yeyote uliyelala naye chumba kimoja, umlete apimwe. Wote. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia vizuri sana. Wadogo zangu mama aliwapeleka kesho yake, wakaonekana wazima. Lakini Jumamosi nilikuwa nalala kwa Festo. Ndiyo ilikuwa kambi yetu kabla ya mazoezi ya Jumapili: waendeshaji wanne sakafuni na baiskeli tano ukutani, na nyuma ya pazia Festo, Mama Neema na mtoto. Dirisha lilipigiliwa mbao, kwa sababu baiskeli Ilala ikilala karibu na dirisha lililo wazi inaamkia Buguruni. Humo ndimo nilimokuwa nakohoa, masika nzima.

Sasa nikuambie nilichofanya, kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mbio za kipupwe zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nikisema, natolewa. Jina haliandikwi, utarishi hakuna. Nisiposema, Sista atakuwa ananikodolea macho kila siku anaponidunga. Nikatafuta njia ya katikati, na njia ya katikati nikaipata kwenye utani.

Jumamosi iliyofuata jioni, nikiwa nimemdanganya mama kwamba naenda kuiaga timu, Mama Neema ametupakulia ugali, wote tumezunguka sinia, nikasema kwa sauti kubwa, "Festo, sogea huko. Mimi nina kifua kikuu."

Kila mtu alicheka. Festo hakusogea, alinisogelea.

"Mngoni haugui kifua," akasema. "Mngoni anaugua uvivu."

"Kweli nakuambia. Nimepimwa. Nachomwa sindano."

"Ya wapi?"

"Ya makalio."

"Mke wangu umesikia? Mtumwa wetu anachomwa makalio! Muongezee ugali, huyu anataka kukwepa mbio."

Mama Neema aliniongezea ugali huku akifuta machozi ya kicheko. Neema alikuja akakaa mapajani kwangu. Nami nilikula, na moyo ulikuwa mwepesi! Nilijiambia: nimesema. Mbele ya mashahidi. Asiyeamini ni shauri yake. Nilijua hakuna mtu duniani anayemwamini mtani wake. Ndiyo maana nilichagua kumwambia hivyo.

Mbio zenyewe nazimaliza kwa ufupi kwa sababu zilinimaliza kwa ufupi. Kwenda Pugu nilining'inia gurudumu la Festo. Kurudi, mlima wa mwisho, niliona gurudumu lake linaondoka. Kwanza kidole kimoja, kisha mkono, kisha upana wa meza. Ukiwa mchomokaji, ule mwanya ndio kifo. Wameniambia baadaye kwamba pale Mnazi Mmoja Festo alidhani niko nyuma yake. Alikata upepo mpaka zikabaki hatua mia mbili, akahamia pembeni kwa heshima zote, akapiga kelele, "Kimbia, Mngoni!" Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya barabara, nimekumbatia nguzo ya simu, natema damu kwenye majani. Timu yote, hata Festo, iliambiwa ni malaria. Bwana Michezo hakuja kuniona.

Kipupwe chote nilikihesabu kwa sindano. Kumi za kwanza unahesabu. Ishirini zinazofuata unakaa upande upande kama bibi harusi mwenye aibu. Kwenye benchi kulikuwa na mzee mmoja muuza nazi wa Kariakoo aliyenifundisha: "Leo kulia, kesho kushoto, keshokutwa mwombe Mungu akupe la tatu." Kila asubuhi aliniwekea nafasi kwa kofia yake. Alikuwa ananipa kipande cha nazi nitafune ili nisitapike dawa. Nakuambia ili ujue: kwenye lile benchi kuna watu. Usijikunyate peke yako.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi ya sindano. Kikombe changu mama alikifunga uzi mwekundu kwenye mshikio. Baba aliacha kula nami sinia moja, akasema siku hizi anachelewa kazini. Alichelewa kazini mpaka Jumapili. Wapangaji walipojua, walimwendea balozi wa nyumba kumi wakitaka nihamishwe, na vitumbua vya mama vikawa vinalala. Niliona mama akiwamwagia kuku wa jirani beseni zima, mgongo umenigeukia. Aliyetuokoa ni Mama Mushi, mpangaji wa chumba cha mbele, Mchaga asiye na utani na mtu. Kila asubuhi alitoka, akanunua vitumbua vinne, akakaa barazani pale pale kila mpita njia amwone, akavila vyote polepole. Wiki ya tatu wateja wakaanza kurudi. Sikuwahi kumshukuru. Namshukuru hapa.

Kikohozi kilipungua. Nilinenepa kidogo. Lakini karibu na sindano ya arobaini masikio yalianza kulia, ziii, kama mpira wa baiskeli unaovuja, na ardhi ikawa inainama. Nilitembea Mtaa wa Msimbazi nikishika kuta, watu wakisema tazama, mtoto wa shule na amelewa asubuhi. Sista alisema huwatokea baadhi ya watu, akaniitia daktari, dawa ya sindano ikapunguzwa. Nikangoja ardhi itulie. Siku moja nilichukua baiskeli nikapanda mbele ya mafundi wa Gerezani, wale waliokuwa wakinipigia miluzi nikipita. Nilikwenda hatua tatu, nikaanguka kulia. Wakacheka. Nikapanda tena, nikaanguka kulia. Hapo waliacha kucheka, mmoja akaja akanishikia usukani. Mpaka leo ninavyoandika, ardhi bado inainama kidogo, hasa nikifumba macho. Mchomokaji asiyeweza kwenda moja kwa moja! Hicho nacho ni kichekesho, ila bado sijaweza kukicheka.

Sindano zilikuwa zimebaki chache nilipomwona Festo.

Nilifika zahanati, nikakuta yule mzee wa nazi ameniwekea nafasi, na kwenye nafasi ya pili yake amekaa Festo. Shati lilikuwa lake, mtu aliyekuwa ndani sikumtambua mara moja. Alikuwa ameshika kile kikopo kwa mikono miwili. Mama Neema alikuwa amesimama dirishani, mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa anakohoa.

Festo aliponiona uso ulimfunguka.

"Mtumwa wangu! Na wewe umekuja kutafuta nini huku kwa wagonjwa?"

Aliyemjibu ni Sista: alitoka akaita, "Hamisi! Leo ya hamsini na mbili, njoo."

Festo alinitazama. Akamtazama Sista. Niliona anahesabu kurudi nyuma, kama mtu anayehesabu mawe ya barabarani.

"Hamsini na mbili," akasema. "Kila siku moja?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ile Jumamosi, kwangu, kwenye ugali..."

"Nilikuambia, Festo."

"Ndiyo," akasema. "Uliniambia."

Mama Neema alikuwa amegeuka kutoka dirishani. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata, akamfunika uso kwa kanga. Nakumbuka hiyo kanga kuliko sindano zote.

Nilingoja anitukane. Wallahi niliingoja kwa hamu. Kama angeniita mtumwa, mwoga, mzao wa wakimbizi, ningejua tungali pamoja. Festo alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi, akasema, "Pita, ndugu. Wamekuita."

Ndugu. Kama tuko mkutanoni.

Neema alilazwa hospitali wiki tano. Nilikuwa napita wodini kila nikitoka kuchukua dawa, nasimama mlangoni, sikuingia. Alipona, namshukuru Mungu, amebaki na mikono miembamba na anaogopa kila mtu mwenye koti jeupe, hata muuza nyama. Festo alichomwa zake sitini zote. Shirika lilimweka kwenye kazi nyepesi, timu ikapata mtu mwingine wa kukata upepo. Tulikuwa tunaonana benchini. Aliniuliza hali, akaniuliza masomo, akanisogezea nafasi. Sijawahi kuona mtu mwenye adabu kiasi kile.

Vuli ilipoanza nilimwambia mama kila kitu, hata ile Jumamosi. Alimkamata jogoo wake mmoja, akamfunga miguu, akajitanda. "Twende Ilala. Unaomba msamaha kwa mdomo wako."

Festo alitupokea vizuri. Mama Neema alitupa viti, wao wakakaa mkekani. Dirisha lilikuwa limetolewa mbao, upepo ulikuwa unaingia. Mama alieleza, akamaliza, akanisukuma. Nikapiga magoti, nikasema: nilijua, nilisema kwa namna ambayo hutaniamini, nilifanya makusudi kwa sababu ya zile mbio, nisamehe. Nilisema bila mzaha hata mmoja. Unajua ilinichukua muda gani kujifunza kusema hivyo?

Festo alimsikiliza mtu mzima, si mimi. Alimjibu mama.

"Mama, mchukue jogoo wako. Huyu ni mtani wangu. Utani hauna kesi. Mtani hakosi, kwa hiyo hana cha kusamehewa. Ndiyo mila yetu na yenu."

Mama alipumua kwa nafuu, akamshukuru mara tatu. Alisikia kwamba yameisha. Mimi nilikuwa namtazama Festo usoni, nikitafuta hata ukingo wa kicheko, na niliona kwamba ameufunga ule mlango kwa komeo lile lile nililotumia mimi. Nilimwambia kwa utani, na kwa utani alinikatalia msamaha.

Kwa hiyo wewe mwenye kikopo, sikiliza. Sindano utazizoea, mkanda utaurudisha kwenye matundu yake ya zamani. Vidonge umeze hata siku unayojiona simba. Lakini leo, kabla hujala, andika majina ya wote unaolala nao chumba kimoja, uende kwa mmoja mmoja. Usimwambie ukicheka. Usimwambie kwenye sinia. Mvute kando, mwambie na uso mkavu, urudie mpaka uone hofu machoni mwake, kwa sababu ile hofu ndiyo itakayomfikisha zahanati. Kama wewe ni mchekeshaji, mtume mama yako.

Tulipoondoka, Festo alivaa shati akatoka nasi. Alimbebea mama jogoo. Alituuliza habari za Gerezani, na kama maji yanatoka. Watani hawasindikizani, wanafukuzana kwa mawe na vicheko mpaka mwisho wa mtaa. Festo alitusindikiza mpaka barabarani, akatupa mkono, akasema tukaribie tena siku yoyote.